Somo la Motokaa: Mipira ya Viungo vya Usukani

Mwenye Land Rover ya zamani akitandika gunia chini, akalala chali na kuitazama sehemu ya mbele ya gari lake, ataona fito tatu za chuma zinazofanya kazi ya usukani. Kila ufito una kiungo kimoja kila mwisho, basi viungo vyote ni sita. Kila kiungo kimevikwa mpira mweusi mfano wa kofia ndogo. Mafundi wengine huuita raba, wengine buti. Sisi katika somo hili tutauita mpira wa kiungo. Ni kitu cha kutia mfukoni, na bei yake ni ndogo kuliko ya kifaa kingine chochote cha usukani. Hata hivyo ukipasuka, na usibadilishwe, kiungo kizima hufa, na pamoja nacho hufa utii wa magurudumu.

Mwandishi anayo sababu ya kulisema jambo hili kwa mkazo. Baba yangu mdogo alikuwa na Land Rover ya mwaka 1966, ya aina ile fupi, na kazi yake ilikuwa kupeleka maembe Thika na kubeba majirani wakati wa shida. Alijua tangu masika kwamba mpira wa kiungo kimoja upande wa kushoto umepasuka. Kila alipokumbushwa alijibu, "Nitaubadilisha mwisho wa mwezi." Miezi ikapita. Siku moja alikuwa akitoka Donyo Sabuk, makreti ya maembe yakiwa nyuma, na mbele ameketi mama mmoja jirani aliyempakata mtoto mwenye homa. Walipofika Ngoliba alipunguza mwendo ili akunje kuelekea sokoni, na papo hapo kiungo kikachomoka. Gurudumu la kulia liliufuata usukani. La kushoto likaenda lilikotaka lenyewe. Gari likaingia mtaroni. Kwa kuwa mwendo ulikuwa kama wa mtu atembeaye kwa miguu, hakuumia mtu. Maembe yalimwagika, na yule mama akapanda gari jingine akaenda zake hospitali Thika bila kusema neno. Baba mdogo aliniambia baadaye kwamba kule kunyamaza kulimchoma kuliko gharama ya ufito uliopinda, maana muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa ameteremka kwa kasi kwenye daraja la mto Athi, naye huyo mtoto akiwa garini.

Huenda wasomaji wakauliza, kwa nini tujishughulishe na gari la kale namna hiyo? Jibu ni kwamba magari hayo hayajafa. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam mwaka 1948, na bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu kwa kuwa baada ya vita chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza. Aina ya pili ilitoka mwaka 1958, ikafuatwa na ile iitwayo IIA mwaka 1961, na aina ya tatu mwaka 1971, ambayo iliendelea kuundwa hadi mwaka 1985. Bodi ya aluminiamu haili kutu kama chuma, basi nyingi bado zinaonekana mashambani Kenya, na wenyewe huzirithishana baba kwa mwana. Wako pia wanaozitunza magari ya zamani kwa fahari na kwa mashindano: tangu mwaka 2003 yamefanywa mashindano ya magari ya kale katika Afrika Mashariki, kwa kuikumbuka ile Safari ya kwanza iliyokimbiwa mwaka 1953. Lakini hatuwaandikii hao hasa, kwa kuwa wana mafundi wao na malori ya vipuri yanayowafuata nyuma. Tunamwandikia mtu ambaye gari lake la zamani ndilo mkate wake.

Na kwa mtu huyo, Ngoliba si mahali pepesi. Iko mashariki ya mji wa Thika, kando ya njia iendayo Garissa, chini ya kile kilima cha Kilimambogo. Huko udongo ni wa namna mbili, na zote mbili ni adui wa usukani. Wakati wa kiangazi vumbi ni laini kama unga, huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Wakati wa mvua udongo mweusi hugeuka ulimbo. Hushika kila kitu, na ukikauka huwa mgumu kama tofali, ukauvuta mpira kila gurudumu linapogeuka. Mtu akishapita humo msimu mmoja, asishangae mipira ya gari lake ikizeeka upesi kuliko ya gari la mjini.

Sasa tuelewe kiungo chenyewe. Ndani ya kikombe cha chuma mna tufe, yaani chuma cha mviringo mfano wa gololi kubwa. Tufe hilo lina mkia unaotoka nje ya kikombe. Mkia ni mnene karibu na tufe, na huzidi kuwa mwembamba kadiri unavyokwenda mbele. Mwisho wake una nyuzi za kufungia nati. Mkia huo huingia katika tundu la mkono wa chuma, na tundu nalo limechongwa kwa mshazari ule ule, hata vikikazwa hushikana kama vile vimezaliwa pamoja. Tufe huzunguka ndani ya kikombe kila gurudumu linapogeuka au linaporuka juu ya jiwe. Kinachoruhusu tufe kuzunguka bila kulika ni grisi, na kinachoilinda grisi ni ule mpira.

Hapa lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Viungo vya magari mengine vina chuchu ya kutilia grisi, na fundi hupiga pampu kila baada ya miezi kadhaa. Viungo vya Land Rover hizi havina chuchu. Waliviunda wakavitia grisi siku ile ile, na kitabu cha gari kinaeleza wazi kwamba grisi hiyo yatosha kwa maisha yote ya kiungo, ila kwa sharti moja, kwamba mpira uwe mzima na ukae mahali pake. Kitabu hicho hicho kinaagiza kukagua mipira kila baada ya maili 6,000, yaani karibu kilomita 10,000. Hesabu hiyo ilifanywa kwa barabara za watu wote. Kwa njia za Ngoliba, sisi tungesema mtu akague mwanzo na mwisho wa kila msimu wa mvua, wala asingoje maili.

Basi ukaguzi wafanywaje? Kuutazama mpira peke yake hakutoshi. Futa kwanza tope lote kwa kitambaa, kisha ukunjue mikunjo ya mpira kwa vidole, kwa maana ufa hupenda kujificha ndani ya mkunjo. Mpira uliochoka huonyesha nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kisima kilichokauka; mpira ulioliwa na mafuta huwa mlaini na kuvimba, tena hunata. Kisha tazama midomo yake miwili. Mdomo mkubwa hukaa katika mfuo wa kikombe na kushikwa kwa pete. Mdomo mdogo hukumbatia mkia. Mpira wenyewe waweza kuwa mzima kabisa lakini mdomo umechomoka, na hilo ni sawa na kupasuka.

Baada ya hapo kipimwe kiungo chenyewe, na kazi hii huhitaji watu wawili. Gari lisimame juu ya magurudumu yake, injini imezimwa. Mmoja huketi kwenye usukani, mwingine hulala chini akashika kiungo kwa kiganja, nusu ya kiganja juu ya kikombe na nusu juu ya mkono wa chuma. Kwa kawaida mwenye gari ndiye hukaa juu na kijana ndiye hulala chini.

"Mzee, tikisa usukani kidogo, kulia na kushoto. Usiuzungushe wote."

"Hivi, mwanangu?"

"Hivyo hivyo. Tena, mzee, upesi kidogo."

Kiungo kizima huhama pamoja na mkono wake mara moja, bila kukawia. Kiungo kilichokwisha hugonga: mkono wa aliye chini huhisi kishindo kidogo, kwanza chuma kimoja chahama, kisha cha pili chafuata. Huo mwanya mdogo ndio utakaokuwa mkubwa. Ila mtu asidanganyike kwa jambo moja. Ufito ukiushika na kuupindua juu ya mhimili wake, kama mtu anayekamua nguo, utageuka kidogo huku na huku. Hiyo ni tabia yake na si ubovu. Kinachokatazwa ni kuchezacheza kwa kwenda na kurudi, au juu na chini.

Hukumu ni rahisi. Kama mpira umepasuka lakini kiungo hakigongi, badilisha mpira. Kama kiungo kinagonga, nunua kiungo kipya, maana kukivika mpira mpya kiungo kilichokufa ni kumvalisha maiti kanzu. Twajua kwamba wako mafundi ambao husema kila kiungo chenye mpira uliopasuka kitupwe, kwa kuwa haijulikani mchanga kiasi gani umeingia. Maneno hayo yana kweli ndani yake ikiwa mpira umekaa wazi msimu mzima. Lakini ufa ukigunduliwa mapema, na grisi ikiwa bado nyeusi na laini, hapana sababu ya mtu wa shamba kutoa fedha za viungo sita wakati alihitaji mipira sita. Tena kiungo cha asili kilichotunzwa huweza kuwa bora kuliko kingine kipya cha bei rahisi, ambacho nyuzi zake hazikukatwa sawasawa.

Kuhusu kununua mpira, tunaomba wasomaji wawe wagumu kidogo mbele ya mwenye duka. Mpira wa asili, ule utokao kwenye mti, hauvumilii mafuta; grisi ya kawaida huuvimbisha, na jua huupasua. Ndiyo maana mipira ya viungo hufanywa kwa mpira wa viwandani unaostahimili mafuta, kama vile neoprini. Siku hizi wauzaji wa vipuri vya magari ya kale wanayo pia mipira ya poliyurethani, ambayo mara nyingi huwa ya rangi na ni migumu zaidi. Huishi siku nyingi, lakini kwa kuwa ni migumu hukataa kukaa kama kipimo si sawa kabisa. Basi usinunue kwa kukisia. Chukua mpira wa zamani, hata kama umechanika, uende nao dukani Thika au Nairobi, ulinganishe midomo yote miwili na kimo. Kisha ubinye ule mpya na kuukunja mbele ya mwuzaji. Mpira huzeeka hata ukiwa juu ya rafu ndani ya karatasi yake, na mwingine uuzwao kama mpya umekaa dukani miaka kumi. Ukionyesha nyufa nyembamba mahali ulipokunjwa, mrudishie.

Twende kwenye kazi. Vifaa vyenyewe si vingi: jeki, vigogo viwili au stendi za kuegemeza gari, spana ya nati, koleo, brashi ya waya, nyundo mbili nzito, mafuta ya kulegeza kutu, mafuta ya taa, vitambaa safi, grisi mpya ya aina ya lithiamu, na kota pini mpya, moja kwa kila kiungo. Kota pini ya zamani isirudishwe kamwe. Imekwisha kukunjwa na kukunjuliwa, na waya uliokunjwa mara nyingi hukatika siku usiyoitaka.

Jioni ya siku iliyotangulia, piga brashi viungo vyote na kumwagia nyuzi zake mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi yake weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma, kisha inua. Kama ardhi ni ile nyeusi, jeki isiwekwe juu yake tupu hata kama inaonekana kavu. Iwekwe juu ya ubao mpana na mnene. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee. Egemeza ekseli juu ya stendi au vigogo, tikisa gari kwa nguvu ukiwa nje, na lisipocheza ndipo uingie.

Nyoosha ncha za kota pini kwa koleo uivute itoke. Fungua nati, lakini usiitoe yote. Iache imeshika kwa nyuzi mbili tatu ili mkia ukilegea ghafula ufito usikuangukie usoni. Sasa kinafuata kitendo ambacho huwatesa watu wengi, nacho ni kuutoa mkia katika tundu lake. Nati imelegea lakini mkia hautoki, kwa sababu ule mshazari umeshikana. Mtu asiye na subira huanza kuupiga mkia wenyewe kwa nyundo kutoka chini. Nimeona hivyo kwa macho yangu katika karakana moja: kwa mapigo matano ncha ya mkia ikafura kama uyoga, nyuzi zikaharibika, na kiungo kilichokuwa kizima kikawa cha kutupwa. Mwingine huchukua uma wa kabari, akaupigilia kati ya kikombe na mkono wa chuma. Uma hufanya kazi, lakini huchana mpira na kukwaruza kikombe. Utumike tu kama kiungo chenyewe kinaenda jalalani. Wengine huleta moto. Moto huunguza grisi na hudhoofisha chuma cha mkono, na mkono wa usukani si chuma cha kuchezea.

Njia nzuri ni ya nyundo mbili. Egemeza nyundo moja nzito ubavuni mwa lile tundu la mkono, sehemu ile nene inayouzunguka mkia. Kwa nyundo ya pili piga ubavu wa upande wa pili, pigo moja kavu lenye uzito, si mapigo mengi mepesi. Usipige kiungo, usipige mkia, piga chuma cha mkono kinachouzunguka. Pigo hilo hulibana tundu kwa nukta moja likapoteza umbo lake la duara, na mkia ukaruka. Mara nyingi pigo la pili au la tatu hutosha. Mtu akiwa na mwenziwe, mwenziwe auvute ufito kwenda chini wakati wa kupiga. Kipo pia chombo cha kukaza kwa bolti ambacho huusukuma mkia pole pole bila kelele. Mwenye kukipata kwa kuazima atumie hicho, ni bora kuliko yote.

Kiungo kikisha toka, usiufungue ule ufito wala kukizungusha kikombe chake. Kwa kubadilisha mpira hapana haja. Urefu wa ufito ndio unaoamua magurudumu yatazame wapi, na ukiuacha kama ulivyo, kazi ya kupima itakuwa ndogo. Na hapo hapo tuonye jambo jingine: fito mbili huungana na mtungi wa chuma uliosimama ndani ya chasisi mbele, ambao mafundi huuita rilei. Ndani yake mna springi kali sana iliyobanwa. Mtungi huo usifunguliwe na mtu asiye na vifaa vyake. Springi ile ikiruka huvunja mfupa. Kwa somo hili hatuna haja nayo kabisa.

Chopoa pete, vua mpira wa zamani, na itazame grisi iliyobaki. Grisi nyeusi na laini ni habari njema. Grisi iliyogeuka rangi ya udongo, nayo ukiisugua kati ya vidole inakwaruza, ni habari mbaya. Safisha yote kwa kitambaa na mafuta ya taa, ukiuchezesha mkia pande zote ili uchafu wa ndani utoke, kisha ukaushe vema, kwa kuwa mafuta ya taa yakibaki yatayeyusha grisi mpya. Sasa uzungushe mkia kwa mkono. Ukiwa mzito kidogo na kwenda kwa ulaini mahali pote, kiungo ni kizima. Ukianguka wenyewe upande mmoja kama ulimi wa kengele, au ukikwama na kuruka, kiungo hicho kimekwisha, hata kama jana hakikugonga.

Kwa kiungo kizima, tia grisi mpya kwa kidole kuzunguka shingo ya tufe, chezesha mkia, tia tena, mpaka uone grisi safi imeingia kila mahali. Kisha jaza mpira, lakini usiufanye ufure kama chapati. Ukizidi, utakapobanwa utafungua mdomo wake wenyewe na kutema grisi nje. Vika mpira, mdomo mkubwa ukae ndani ya mfuo wake, uweke pete. Pete mpya ikikaidi, tafuta kipande cha bomba chenye upana sawa na kikombe, uisukume kwa usawa. Ukiisukuma kwa bisibisi upande mmoja kuna hatari ya kuutoboa mpira uliotoka dukani asubuhi hiyo hiyo. Hilo nalo limetokea, wala si mara moja, na aliyelitenda ndiye anayeandika.

Sasa chukua kitambaa kikavu ufute mkia na ndani ya tundu mpaka pasibaki hata dalili ya grisi. Wengi hufikiri grisi ni baraka kila mahali. Hapa sivyo, maana mshazari ule hushika kwa ukavu wake. Ukipakwa grisi nati hukazwa kupita kiasi, au mkia huzunguka ndani ya tundu na kulilika. Ingiza mkia, rudisha nati, ukaze. Kama mkia unazunguka pamoja na nati, bonyeza kiungo kwa kipande cha mti na jeki ndogo ili mkia ushike, kisha endelea. Kipimo cha kukaza nati hizi ni pauni 30 kwa spana ya futi moja, yaani kama vile uzito wa pauni 30 umening'inizwa mwisho wa spana yenye urefu huo. Si nguvu za kijana mwenye bomba la futi nne. Ikiwa tundu la kota pini halijalingana na pengo la nati, kaza mbele kidogo mpaka lilingane. Usilegeze nati kwa kurudi nyuma, hata kama pengo lililo karibu ni la nyuma. Tia kota pini mpya na kunja ncha zake.

Kwa aliyelazimika kununua kiungo kipya yako maneno zaidi. Katika kila ufito kiungo kimoja kina nyuzi za kulia na cha pili kina nyuzi za kushoto, ili ufito ukizungushwa urefuke au ufupike bila kufunguliwa. Basi nunua cha upande unaostahili. Kabla ya kukitoa cha zamani, tia alama ya rangi mahali kinapoingia, legeza kibano, kisha uhesabu mizunguko mpaka kitoke, na uandike hesabu hiyo ukutani kama huna karatasi. Kipya kiingie kwa mizunguko ile ile, na kibano kikazwe tena.

Baada ya hapo pima magurudumu, hata kama umefuata hesabu sawasawa. Shusha gari, nyoosha usukani, lisukume mbele hatua kadhaa lisimame lenyewe. Pima umbali kati ya tairi mbili za mbele kwa kimo cha katikati ya gurudumu, kwanza upande wa mbele wa tairi, kisha upande wa nyuma. Kwa Land Rover hizi umbali wa mbele uwe mdogo kuliko wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, basi magurudumu hutazamana kidogo kwa mbele. Kipimo kama hicho si rahisi kukisoma kwa kamba. Fito mbili nyembamba zilizonyooka, zilizofungwa pamoja ili ziteleze, hufaa zaidi: tanua mpaka ncha ziguse tairi, tia alama, nenda upande wa pili, ulinganishe alama. Tairi za mbele zinazolika upande mmoja kama zilizopigwa tupa zinakwambia kipimo kimekosewa.

Inabaki habari ya mtu aliyekwama njiani, mpira umechanika na duka liko mbali. Wengi hukata kipande cha tyubu ya ndani ya tairi, wakakizungushia kiungo na kukifunga kwa waya. Kwa siku mbili tatu hatukatazi, kwa kuwa ni afadhali kuliko mchanga. Lakini mpira wa tyubu haukuundwa kukaa na grisi. Huvimba, hulainika, na kifungo hulegea bila wewe kujua, huku ukiamini umefunika. Ukifanya hivyo, andika tarehe juu ya dashibodi kwa chaki, na chaki isifutwe mpaka mpira wa kweli uwekwe.

Na wale wanaoosha magari yao kwa pampu za nguvu, kama zile zilizo kando ya njia kuingia Thika, wamwambie kijana wa pampu asielekeze maji moja kwa moja kwenye viungo. Mdomo mdogo wa mpira umeshika kwa kukumbatia tu; maji yenye nguvu hupita, yakaingia, yasitoke, na kutu huanza kwenye tufe siku hiyo hiyo. Tope la viungo litolewe kwa maji ya ndoo na brashi ya mkono.

Wiki moja baada ya kazi, lala tena chini ya gari. Geuza usukani mpaka mwisho wa kulia, kisha mwisho wa kushoto, mwenzio akitazama kama mpira wowote unapindika au kubanwa na chuma. Gusa kila kota pini. Grisi kidogo iliyotokea kwenye mdomo mdogo isikutie hofu, ni ile iliyozidi. Ifute, maana vumbi hunata hapo. Mdomo ukiwa umechomoka, sababu karibu kila mara ni grisi iliyojazwa kupita kiasi au pete iliyokaa upande, na dawa yake ni kutoa nati hiyo moja na kurudia.

Baba mdogo bado analo gari lile. Ufito uliopinda ulinyooka kwa kubadilishwa, na mipira yote sita ni mipya. Makreti ya maembe amerudia kuyapeleka Thika, na yule mama, msimu uliofuata, alikubali kupanda tena, ila safari hii aliketi nyuma.